Mwonjaji wa Neema Mbili

1

Panya alikuwa amekwisha kuvimba. Alielea ubavu juu ndani ya tangi la nne, manyoya yamemnyonyoka kiunoni, na povu la hamira limemzunguka shingoni kama mkufu. Apaikunda Lema, mwonjaji mkuu wa kiwanda cha pombe cha mji wa Kilemeni, aliinusa habari yake tangu mlangoni, kabla macho hayajaiona. Alijifunika mdomo kwa upindo wa kanga, akamwita msimamizi wa matangi.

Ndekirwa alikuja na kipande cha ndizi ya kuchoma mkononi. Alipanda ngazi, akaiweka ndizi mdomoni, akaingiza mkono mpaka kiwikoni, akamkamata panya mkia na kumtupa ndooni. Kisha, kwa mkono uleule uliokuwa ukichuruzika, akaitoa ndizi mdomoni na kuimalizia taratibu.

"Ndekirwa!"

"Naam, Mama Haika."

"Kanawe."

"Nikanawe nini, Mama? Hii si pombe?" Alivilamba vidole kimoja baada ya kingine. "Na huyu naye alikuwa mnywaji mwenzetu. Amekufa akitabasamu kuliko shemeji yangu."

Wapakuzi wawili waliokuwa karibu na magunia walicheka mpaka wakashikana mabega. Apaikunda aliitafuta chaki mfukoni.

"Tangi lote limwagwe."

"Lita elfu nne? Mji utakunywa nini kesho? Pombe imechemshwa, na hopsi imo. Panya hana ubaya, Mama. Naye ni mwenyeji wa hapa."

Apaikunda aliandika kwa chaki kwenye ubavu wa tangi, kwa herufi kubwa: LIMWAGWE. Apaikunda alipoanza kazi hapa, Ndekirwa huyuhuyu alikuwa akioga mara mbili kabla ya kugusa togwa, na aliwahi kumfukuza mpakuzi kwa sababu ya kucha ndefu. Apaikunda alikumbuka hayo alipokuwa akielekea chumba cha kuonjea.

Mezani palikuwa na sinia la maua mabichi ya hopsi, mavuno ya kwanza ya msimu, yaliyochumwa asubuhi katika nyumba za taa. Hopsi ni mmea wa nchi zenye siku ndefu. Hapa mlimani ulitambaa juu ya kamba chini ya taa zilizoudanganya kwamba jua halijazama, ukazaa maua ya kijani yaliyopangika magamba kama kakakuona mdogo. Kwa desturi ya wapika pombe, hopsi ya uchungu hutiwa mwanzo wa kuchemsha, na ya harufu hutiwa mwishoni, moto ukishashushwa. Aina moja haifanyi kazi ya nyingine. Hii ilizifanya zote mbili, ndiyo maana iliitwa Neema Mbili. Alilipasua ua moja kwa ukucha. Vumbi la njano lilimshika vidole, na chumba kikajaa harufu ya embe, karakara na mapera yaliyoiva mno.

Alijaza glasi, akainua kidevu, akaiacha pombe itelemke mpaka kwenye kina cha ulimi, pale panapopokea uchungu. Akahesabu hadi tano. Kisha akachungulia mlangoni, akatoa kibuyu kidogo mkobani, akatema.

Hilo ndilo lililokuwa siri yake. Mwonjaji wa mvinyo huruhusiwa kutema. Mwonjaji wa pombe lazima ameze, kwa kuwa uchungu hukamilika kooni. Lakini Apaikunda alimwapia mama yake, siku ya kipaimara, kwamba pombe iliyomuua baba haitapita kooni mwake. Alipata kazi kwa sababu ya pua yake, akaitunza kwa sababu ya kibuyu chake. Kwa miaka kumi na mmoja alitia sahihi Hati ya Mwonjaji yenye maneno matatu yanayotakiwa na sheria ya mji: *Nimeonja. Nimemeza. Sikudhurika.* La kwanza lilikuwa kweli.

Alipotoka alasiri, tangi la nne lilikuwa tupu. Aliinama kuutazama mfereji wa maji machafu. Ulikuwa mkavu. Pombe haikumwagwa, iligawiwa.

2

Alimsikia mjukuu wake kabla hajafungua mlango. Kilio cha Anande kilikuwa chembamba, kilio cha mtoto aliyelia mpaka akachoka, na ndani ya nyumba harufu ilikuwa nzito kiasi kwamba Apaikunda alisimama kizingitini, mkono ukiwa puani, asijue aingie au arudi.

Haika, binti yake wa pekee, alikuwa ameketi kwenye kochi na bilauri ya pombe, amempakata mtoto. Mumewe alikuwa bondeni akichimbia mabomba tangu mwezi uliopita. Nepi ya mtoto ilikuwa ya juzi. Ilikuwa imevuja, ikakauka, ikavuja tena, na Haika alikuwa amejifutia mkono kwenye gauni lake bila hata kutazama.

"Karibu, Mama. Huyu ana kisirani leo, hataki chupa."

Apaikunda aliichukua chupa. Ndani ya kioo palikuwa na utando wa kijani, na juu ya maziwa yaliyokatika alielea mende, miguu juu.

"Haika. Kuna mende."

"Nimemwona." Haika aliitwaa chupa, akamtoa mende kwa kidole, akamfuta gotini, kisha akaionja chuchu ya chupa na kumrudishia mtoto mdomoni. "Haya, mwanangu. Mama amekutengenezea."

Anande aligeuza uso. Alikunja pua ndogo, akafumba midomo, akalia. Haika akacheka kwa upendo mtupu, na upendo huo ndio uliomtia Apaikunda kinyaa kuliko mende.

"Wewe," alisema Apaikunda, "wewe uliyekuwa ukikataa birika zima la chai kwa sababu ya nzi mmoja! Wewe uliyenifanya nifue shuka mara mbili kwa kuwa kuku amelikanyaga!"

"Utoto, Mama. Mtu hukua."

"Mtoto anachemka homa."

"Watoto huchemka. Mama, wewe nawe siku hizi umekuwa mtu wa kuchokoachokoa. Kaa basi unywe."

Hakukaa. Alimchukua mtoto, akawasha jiko na kumimina maji ya mlima kutoka katika dumu lake mwenyewe. Mji ulikuwa na maji ya namna mbili. Maji ya mji yalitoka vyooni, yakapita katika vichujio saba, yakaishia kiwandani kupikwa pombe. Hayo ndiyo yaliyowaweka watu hai tangu theluji ilipokwisha mlimani na mifongo, mifereji ya kumwagilia mashamba, ikakauka. Maji ya mlima yalikuwa tone tu lililobaki mwambani. Waligawiwa watoto wachanga, mkurugenzi wa kiwanda, na mwonjaji, ili ulimi wake usichafuke. Kwa miaka kumi na mmoja Apaikunda hakuwahi kunywa tone la maji ya mji.

Alimwogesha Anande, akachemsha chupa nyingine, akampikia maji ya chumvi na sukari, akamnywesha kwa kijiko. Mtoto alikunywa kwa pupa. Alipomfuta mdomo, wazo lilimjia, likamfanya aache kijiko hewani.

Mtoto huyu alikuwa amekataa uchafu. Ndekirwa hakuukataa, wala wapakuzi, wala Haika, wala muuguzi wa zahanati ambaye juma lililopita alikiokota kipimajoto sakafuni na kukitia mtoto mdomoni. Katika Kilemeni nzima walibaki watu wa namna mbili wenye kinyaa: wachanga ambao hawajaanza kunywa pombe, na yeye, aliyeitema.

Alitazama vidole vyake. Vumbi la njano lilikuwa bado limeng'ang'ania chini ya kucha, likinukia mapera.

3

Dakta Eliaringa Mosha, mkurugenzi wa kiwanda na mtu aliyeizalisha Neema Mbili, alimpokea asubuhi kwa adabu zote. Alimvutia kiti, akamuuliza habari za mjukuu, akamsikiliza bila kumkatiza. Ofisi yake ilikuwa safi. Apaikunda aliliona hilo, na akaona pia sabuni kando ya beseni, kipande kilichotumika mpaka kikawa chembamba.

"Umesema kweli, Mama Haika," alisema alipomaliza. "Katika ua kuna asidi za uchungu na mafuta ya harufu. Hizo ndizo neema mbili tunazozitangaza. Vumbi la njano lina kitu cha tatu. Kikifika tumboni na kuingia katika damu, hufunga ubongoni mlango ule unaotufanya turudi nyuma tunapoona uozo. Hakiui wala hakilevyi. Anayeacha kunywa hurudiwa na hali yake kwa siku nne au tano. Nilikitia kwa makusudi."

"Kwa makusudi!"

"Ulikuwapo mwaka wa pili wa ukame. Tulisafisha maji ya vyoo mpaka yakawa safi kuliko ya mvua. Matangi yakajaa. Watu wakaja, wakayatazama, wakatapika, wakarudi nyumbani. Tulizika watu mia tano na arobaini, Mama, na matangi yakiwa yamejaa. Hawakuuawa na kiu. Waliuawa na kinyaa."

Apaikunda aliwakumbuka. Mumewe alikuwa mmoja wao.

"Mlikunywa mbele yao?" aliuliza.

"Tuliwaonyesha vipimo."

"Sikuuliza vipimo. Tangu lini mtu wa mlima huu akapokea kata kwa mwenyeji ambaye hajaonja kwanza? Mama yangu hakumpa mgeni mbege kabla yeye mwenyewe hajameza na kufungua kinywa kionekane. Nanyi mkawaletea watu maji ya vyoo na karatasi!"

Dakta alikunja uso kama mtu aliyeguswa jino bovu. Kisha akasogeza bahasha yenye hati mpya juu ya meza.

"Hayo yamepita. Mwamba unakauka. Kuanzia juma lijalo watoto wachanga nao watatumia maji ya mji, na wanayakataa, kama huyo wako alivyoikataa chupa. Tutatia vumbi katika maji yao, bila kileo. Ninahitaji hati yako. Utaitia sahihi keshokutwa, Sikukuu ya Kuchuma, mbele ya watu wote."

"Mtoto akishatiwa hilo atakunywa chochote. Jana angemnywa mende."

"Atakuwa hai."

"Mpaka lini? Kinyaa ndicho mlinzi wake wa pekee, Dakta. Mama yake hana tena. Muuguzi hana. Ukimfunga mlinzi huyo naye, nani atamwambia kwamba kitu kimeoza?"

"Wewe unaliuliza hilo?" Alitabasamu kwa huruma ya kuudhi. "Umemeza miaka kumi na mmoja, na kinyaa bado unacho, nakiona usoni. Basi dawa yangu si kali kama unavyodai. Ama sivyo, Mama, hukumeza. Na kama hukumeza, kila pipa lililotoka hapa limetoka kwa sahihi ya uongo. Sheria inasema nini juu ya hilo? Mfereji wa pombe utafungwa siku hiyohiyo. Wangapi watayakataa maji matupu safari hii? Utawazika wewe?"

Apaikunda alitoka nje. Alijichukia kwa kuwa neno la yule mtu lilikuwa na ukweli ndani yake, kama mfupa ndani ya nyama iliyooza. Akisaini, Anande angekunywa na kuugua. Asiposaini, mji mzima ungeweza kukaa tena mbele ya matangi yaliyojaa ukifa kwa kiu. Na mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

4

Sikukuu ya Kuchuma ilifanyika saa nne ya asubuhi katika uwanja ulio mbele ya nyumba za taa. Mashada ya hopsi yalitundikwa juu ya nguzo, na harufu ya matunda ilifunika harufu nyingine zote. Lakini si kwa pua ya Apaikunda. Chini ya embe na karakara alinusa kwapa, vidonda visivyooshwa, nyama ya supu iliyolala siku tatu. Mzee mmoja alikuwa akila huku nzi wakitembea mdomoni mwake, naye akivitafuna vipande na nzi pamoja, akisifu mapishi. Apaikunda alimfunga Anande vizuri mgongoni na kuyaelekeza macho angani.

Haika alisimama kando yake, bilauri mkononi, akiimba.

Mzee Kimambo, karani wa mji, aliweka mezani hati ya vumbi la watoto, kalamu, na kata kubwa ya kibuyu iliyojaa pombe ya vumbi lilelile. "Mwonjaji wetu aje," alitangaza. "Aonje, ameze, atie sahihi."

"Nitakuja," alisema Apaikunda. Alikuja, akaishika kata, lakini hakuiinua. "Lakini mimi ni mgeni katika pombe hii. Mwenye pombe ndiye aliyeizalisha. Desturi yasemaje, Mzee Kimambo?"

"Mwenye pombe huonja kwanza," karani alijibu bila kufikiri, na watu wakaitikia, "Kweli kabisa! Aonje, aonje!"

Dakta Mosha hakuwa na njia. Alipokea kata kwa mikono miwili, akatabasamu, akapiga funda refu. Mashavu yalijaa. Alirudisha kata na kujipangusa paji la uso kwa leso, kisha leso ikaanza kushuka kuelekea mdomoni.

Katika umati ule ni mtu mmoja tu aliyeweza kuijua ishara ile. Koo lilikuwa halijacheza. Taya lilikuwa limetulia hivi, na ulimi umekunjwa hivi, na jicho likitafuta mlango hivi. Apaikunda alikuwa akijitazama kwenye kioo.

Aliikamata leso. "Meza, Dakta."

Dakta alitikisa kichwa.

"Fungua kinywa waone."

Watu walisogea karibu. Uso wa mkurugenzi ulikuwa umegeuka rangi, na machoni mwake Apaikunda aliiona ile hofu aliyoijua vyema, ya mtu anayekaribia kutapika. Akainamia kata, akatema. Pombe ilirudi ndani pamoja na mate, uzi mrefu ukining'inia kidevuni.

"Mmeona?" Apaikunda alipaza sauti. "Aliyeizalisha haimezi! Anawapa ninyi kile ambacho yeye hathubutu kukimeza!"

Alingoja watu wahamaki. Hawakuhamaki. Ndekirwa alipenya mbele, akaichukua kata, akaitazama kama mtu anayetazama mvua.

"Sasa, Mama Haika, kutema ndiyo nini? Pombe haijaharibika." Akanywa. Akampa wa pili, wa pili akampa wa tatu, na kata ile yenye mate ikazunguka mkono kwa mkono, huku watu wakicheka, mpaka ikamfikia Haika. Haika alikunywa, akajilamba midomo, akamnyooshea mama yake.

"Bado ipo kidogo, Mama."

Apaikunda aliusukuma mkono ule. Ndipo alipofahamu kwamba watu hawa hawawezi tena kuchukizwa, na asiyeweza kuchukizwa na mate hawezi kuchukizwa na uongo. Kilichobaki hai katika mji ni sheria peke yake, iliyokauka kama fimbo. Akaishika fimbo hiyo kwa ncha iliyomuumiza.

Alitoa kibuyu kidogo mkobani, akakiweka juu ya hati.

"Mzee Kimambo, andika. Mimi, Apaikunda Lema, nimetema pombe ya kiwanda hiki kwa miaka kumi na mmoja. Katika kila hati nimeandika kwamba nimemeza. Sikumeza hata mara moja. Hati zote ni batili."

Karani aliandika. Alipofika mwisho alisoma, akapapasa mfukoni, akatoa kitabu cha sheria za mji. Hakukasirika wala hakushangaa. Alisema tu: "Pombe isiyo na hati haitoki. Mfereji ufungwe mpaka apatikane mwonjaji mwingine." Akaenda mwenyewe kuufunga.

"Umewaua," alisema Dakta Mosha kwa sauti ya chini, kidevu kikiwa bado kimelowa.

"Kafute uso," alijibu Apaikunda.

5

Siku ya kwanza na ya pili watu walikunywa maji ya mji bila kuuliza yametoka wapi. Siku ya tatu Ndekirwa alionekana akisugua matangi tangu alfajiri, akilia. Siku ya nne, adhuhuri, Apaikunda alikuwa akikunja nepi aliposikia mlio kutoka jikoni.

Haika alikuwa amepiga magoti juu ya ndoo. Chupa ya zamani ya mtoto, ile yenye utando wa kijani, ilikuwa sakafuni mbele yake. Alitapika mpaka hakubaki na kitu, akaendelea kutapika hewa. Apaikunda alimshika paji la uso kama alivyomshika alipokuwa mtoto, huku mwenyewe akilia kwa furaha, jambo lililomtia aibu.

"Mama, nilimpa," Haika alisema. "Nilimpa mwanangu. Nilimtoa mende kwa kidole hiki."

"Mtoto yu mzima. Amelala."

"Na ile kata. Mama, ile kata!"

Akatapika tena. Alipotulia, midomo yake ilikuwa imepasuka kwa ukavu. Apaikunda alichota maji ya mji, akamletea. Haika aliyanusa. Hayakuwa na harufu yoyote. Akageuza uso, kama alivyougeuza mwanawe.

"Siwezi. Najua yalikotoka."

"Yamechujwa mara saba."

"Baba naye aliambiwa hivyo."

Nje, katika mlango wa jirani, wanawake wawili walikuwa wamesimama mbele ya ndoo iliyojaa, mikono vifuani, wakiitazama. Mlango uliofuata ulikuwa hivyohivyo. Mwambani hapakubaki maji ila ya wachanga.

Apaikunda aliutazama uso wa maji katika kata. Kila mwili wa mji ule, kila utumbo na kila choo, aliuona humo. Vinyweleo vya mikono vilimsimama. Alikuwa na kinyaa chote alichozaliwa nacho, hakikupunguzwa hata chembe, na hakuna ua lolote lililomsaidia. Aliinua kata, akapiga funda la kwanza. Alifumba macho, akameza. La pili. La tatu, machozi yakimtoka, mpaka nusu ya kata.

Akaishusha na kumnyooshea binti yake.

Haika hakuipokea. Alimtazama mama yake kwa macho makavu, kama mtu aliyesikia kila neno lake la uwanjani.

"Fungua kinywa nione," alisema.

Apaikunda alifungua kinywa, akainua ulimi, akasogea kwenye mwanga wa dirisha. Haika akachungulia huku na huku, kama anayetafuta jino. Kisha akaichukua kata kwa mikono miwili.